Barua ya Mzee Waitara kwa Mwalimu Wake

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Mwenye betri zilizochoka aziombee zifike mwisho wa kipindi, maana habari ya leo haikatwi katikati.

Tunamkumbuka Pudensiana, mke wa Simoni, wa Mbalibali, wilaya ya Serengeti. Amefariki mwezi uliopita kwa homa ya siku nne. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ameacha mume. Ameacha mtoto wa miaka miwili, Efrazia. Na ameacha mwanafunzi mmoja wa miaka sitini na moja.

Mwanafunzi huyo ni baba mkwe wake, Mzee Waitara Machage.

Pudensiana aliolewa hapo akiwa na darasa la saba. Simoni yuko kazini Musoma, kwa hiyo nyumbani mwenye kusoma ni yeye tu. Ulikuwa mwaka ule wa kuhamia vijijini, na kisomo cha watu wazima kimepamba moto. Mzee Waitara akatamani kusoma kuliko alivyowahi kutamani ng'ombe. Kwa Mkurya, hilo si neno dogo.

Lakini mila mnazijua. Baba mkwe haketi na mke wa mwanawe. Haingii nyumbani kwake, wala hazungumzi naye uso kwa uso. Sasa atafundishwaje? Kwa barua? Hajui kusoma.

Wakapata njia. Kila alasiri Pudensiana alimfundisha mama mkwe wake, Wegesa, jikoni. Ubao wao ni kipande cha mbao kilichopakwa masizi, na chaki ni muhogo mkavu. Wakimaliza, Wegesa anaupeleka ubao zizini, anaketi mbele ya mumewe, anauweka mapajani na kumfundisha alichofundishwa. Mzee akikwama, swali linarudi jikoni kwa mdomo wa Wegesa, na jibu linatoka kwa mdomo huohuo. Miezi minane hivyo. Mwalimu hakumwona mwanafunzi wake darasani hata siku moja.

Siku ya mtihani wa kisomo, mzee akapewa karatasi. Akaigeuza juu chini. Msimamizi akamrudishia sawasawa. Akaigeuza tena. Msimamizi akamwuliza, kwa heshima zote, kama asubuhi alipitia kilabuni. Mzee akasoma yote bila kukwama, karatasi ikiwa kichwa chini, miguu juu.

Ubao, wasikilizaji, ulikuwa mapajani mwa Wegesa, ukimtazama Wegesa. Mzee alikaa upande wa pili. Herufi zote alizijua kwa kupinduka.

Boma zima lilicheka wiki nzima. Wegesa anasimulia kwamba Pudensiana alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Mama, mwambie baba asihangaike kujigeuza. Maneno ni yaleyale."

Mzee akataka kumshukuru. Mdomo umekatazwa, lakini barua haijakatazwa na mtu. Akaanza kuandika. Akikosea herufi moja, anachana, anaanza upya, kwa sababu hakutaka mwalimu aone kosa. Daftari zima likaisha. Pudensiana alijua, akawa anamtania mama mkwe wake kila wakikutana kisimani: "Barua yangu imefika wapi? Bado iko njiani kutoka zizini?" Wegesa akamsihi mumewe ampe aipeleke tu, hata ikiwa na makosa. Mzee akasema kesho.

Homa ikaja Jumatatu. Jumamosi Pudensiana akazikwa.

Mazishini mzee alisimama mbali, penye zizi, kama mila inavyotaka. Akatoa karatasi. Akaigeuza juu chini. Mimi ni mtu wa mizaha, mnanijua, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Akasoma kwa sauti:

"Mwalimu, shikamoo."

Mzee wa miaka sitini na moja, kwa binti wa ishirini na mitatu. Watu wakatazamana. Naye akangoja aitikiwe.

Wegesa alikuwa kando ya kaburi, mjukuu mgongoni. Akainua uso, akamjibu mumewe kwa niaba ya mwalimu, kama alivyofanya miezi yote ile.

"Marahaba."

Ndipo mzee akaweza kuendelea. Barua ilikuwa na mistari mitatu tu. Haikuwa na kosa hata moja.

Simoni, Mama Wegesa, Mzee Waitara, poleni sana. Efrazia, ukikua utaisoma barua hiyo, upande wowote utakaopenda. Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirieni nani aliwafundisha kitu nyumbani. Mpelekeeni shukrani zake leo, hata kama zina makosa.