Bakuli la Peke Yangu

Mwangaluka, ndugu zangu wa kikundi chetu cha wenye kifafa na jamaa zao, hapa Bariadi. Mimi ndiye yule binti wa kijiji cha Zagayu mliyekuwa mkinikimbia. Msicheke, mnajijua!

Kifafa kilinishika utotoni, miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu kwa malori. Nikianguka, watu wanatawanyika. Eti povu langu likimgusa mtu, naye ataanguka. Nyumbani wenzangu walizunguka sinia moja la ugali, mimi nikala pembeni, kwenye bakuli la peke yangu. Mayu, mama yangu, alinipakulia huku akilia, lakini pembeni hapo hapo.

Vidonge nilivyoandikiwa hospitali ya Maswa vikanituliza. Nikasoma hadi chuo kikuu, nikachaguliwa kusoma shahada ya uzamili, utafiti wa ubongo. Muhula wa kwanza tu, nikaanguka maabara. Ndugu zangu, nawaambia, wanafunzi wa ubongo, na makoti yao meupe, walitimua mbio kama watu wa Zagayu!

Kikao cha walimu kikaitwa. Wengine wakataka nirudishwe nyumbani. Niliogopa, maana niliona bakuli langu likinisubiri. Mwalimu wangu, mama mmoja mkali, akaniuliza mbele yao, "Kwa nini uliacha vidonge?"

"Vinanilaza, mwalimu. Hata kwetu, palizi ya pamba ikifika wengi wanaviacha. Utashikaje jembe huku unasinzia?"

Akawageukia wenzake. "Tunawafundisha vijana hawa ili swali la mgonjwa lifike maabara, na jibu limrudie mgonjwa. Huyu kaja na swali lake mkononi, nanyi mnamfukuza?"

Nikabaki. Swali lile la palizi ndilo likawa utafiti wangu: dawa imzuie mtu kuanguka bila kumlaza. Nikahitimu, jamani!

Namshukuru mwalimu yule. Nawashukuru nanyi mnaokuja kliniki ninakofanya kazi sasa, kunieleza dawa inavyowatenda. Kidonge kikikusumbua, usikitupe kimya kimya. Njoo unigombeze mimi. Na mtu akianguka, mlaze ubavu, ukae naye mpaka azinduke.

Mayu huyu hapa, mwoneni. Siku niliporudi na shahada, wakati wa chakula nilianza kulitafuta bakuli langu, kwa mazoea. Sikuliona. Nikamuuliza.

"Kuku wanalinywea maji," akasema. "Nawa mikono, uje hapa kwenye sinia."

Akasogea, nikakaa ubavuni pake. Ugali mtamu kama ule sijala tena.