Maisha ya Mama Minyoo, Mpimaji wa Mizizi

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenisimamisha mimi, mdogo wa mume wa marehemu, niwasomee maisha ya shemeji yangu, na mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye mwenyeji wetu hapa leo, ameniomba nisiruke kitu, hata yale yanayomuumiza yeye mwenyewe, basi mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika nyumba hii iliyo mbele yenu, chumba cha dirisha dogo, akiwa mtoto wa kwanza wa mama mkulima na baba seremala, na miaka mitano baadaye akafuatiwa na mdogo wake huyo, ambaye marehemu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka bega likapinda, au ndivyo alivyomsingizia kila bega lilipomuuma.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu kilimo mwaka 1987, na siku ya mahafali baba yake alimuuliza mbele za watu kama miaka yote hiyo ilikuwa ya kujifunza minyoo tu, akajibu kwamba ndiyo, na bado hajawamaliza.

Januari 1988 aliajiriwa katika maabara ya kituo cha utafiti wa magonjwa ya mimea, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye sinki lisiloisha matope na darubini iliyoshikizwa kwa plasta, akawa anawatafuta minyoo wanaoingia kwenye mizizi, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, wanaoifanya mizizi ivimbe mafundo na mmea unyauke hata kama umemwagiliwa asubuhi hiyo. Shida ya minyoo hao ni kwamba wa kawaida na wa hatari wanafanana mno, na hata mpimaji hodari wa darubini huingia mkenge, ndiyo maana mwaka 2003 alikwenda kujifunza kuwatambua kwa vinasaba vya mitokondria, vile ambavyo kiumbe huvirithi kwa mama yake, akarudi akiwaambia wanafunzi kwamba ukitaka kumjua mnyoo usihangaike na sura, muulize mama yake, nao wakambandika jina la Mama Minyoo, ambalo lilimfurahisha kuliko cheo chochote.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na kaka yangu, mwalimu wa hesabu, na wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye sasa ni muuguzi, na wa kiume ambaye ni fundi umeme, wote mnawaona hapa.

Sasa nafika mahali pagumu. Mdogo wake alikuwa na kitalu cha miche ya nyanya na mipera katika kiwanja hiki hiki, na Agosti 2011 alimpelekea dada yake mfuko wa mizizi iliyovimba, kwa kuwa nyanya zake zilikuwa za mbegu inayohimili minyoo, na hakuelewa imekuwaje. Marehemu akatazama kwa darubini, akaona kama ni minyoo wa kawaida, akampigia simu kwamba auze bila wasiwasi, huku kipimo cha vinasaba kikiwa bado hakijafanyika, jambo ambalo mwanafunzi angelifanya angemfokea mpaka alie. Kipimo kilipotoka wiki iliyofuata kikasema ni aina nyingine, ile isiyojali mbegu hiyo wala dawa, ambayo ikishaingia ardhini haitoki, na sheria inataka kiwanja kifungwe, mche wala udongo usitoke. Akarudia kwa mnyoo mwingine, akiomba awe amekosea, na jibu likawa lile lile. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameliona, angeweza kulikalia kimya, lakini alisaini amri ya kufunga kwa mkono wake.

Miche ilichomwa hapa niliposimama, mipera ikang'olewa, na mdogo wake akamuuliza mbele ya maofisa, "Dada, si wewe uliyeniambia niuze?" Akajibu, "Ni mimi," na tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Marehemu aliwazungukia wakulima wote waliouziwa miche ile, akiwaambia kosa ni lake, si la mdogo wake, wengine wakamfukuza kwa matusi, na mashamba mawili hayakuzaa tena nyanya. Mama yao alipofariki mwaka 2014 na kuzikwa pale nyuma, walisimama pande mbili za kaburi kama watu wasiojuana, na iliniuma sana.

Alistaafu Machi 2023, mwishoni mwa mwaka akaanza kuumwa tumbo, na Januari 2024 madaktari wakakuta saratani ya kongosho ambayo tayari ilikuwa imesambaa, naye akadai ayaone majibu mwenyewe, akayasoma, akasema wamepima vizuri. Aliomba jambo moja tu, azikwe kando ya mama yake, ndani ya kiwanja hiki, na kaka yangu alipokuja kumwombea ruhusa, mdogo wa marehemu alimjibu, "Hilo aniambie mwenyewe." Alikwenda hospitali kulisikia Jumapili tarehe 2 Juni, akafika jioni, na shemeji alikuwa amefariki asubuhi. Kaburi hili amelichimba peke yake.

Ameacha mume, watoto wawili na mdogo wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakumficha kitu, majirani mliotupikia na kutuazima viti, na wenzake wa maabara mliofunga kazi ili mumsindikize.

La mwisho ni tangazo. Amri ile yenye saini ya marehemu bado ina nguvu, na mdogo wake, ambaye angeweza kuuza kwa siri na wanunuzi walimfuata, hajatoa nje hata mche mmoja mpaka leo. Kwa hiyo majembe yatabaki humu, na hakuna atakayeondoka na udongo wa hapa, kila mmoja atasuguliwa viatu langoni, na atakayewasugua ni yeye, amekataa kusaidiwa, basi msimwonee haya, mpeni miguu yenu.

Pumzika sasa, shemeji, kando ya mama yako, na amani iwe yako.