Uso Usiokanyagwa

Ndani ya basi la Ohio, Bibi Verna aliketi karibu na fundi aliyepakata kipande cha sakafu chenye uso wa askari wa Sparta, nembo ya shule ya zamani. "Huyo umemtoa shuleni kwetu!" "Inabomolewa, bibi. Watoto wamehamia shule mpya, nembo yao mwewe." "Mwewe! Mwizi wa vifaranga!"

Fundi akacheka, kicheko cha mtu aliyesoma kwingine. "Huyu nimemkanyaga wiki nzima, hajaniuma." "Enzi zetu ukimkanyaga unamsugua kwa mswaki, wenzako wakikuzomea. Nilipokosea mimi, Roy wa darasa letu alipiga magoti, tukasugua wote. Tukaoana, tukaishi miaka arobaini, mpaka nilipomzika."

Basi likasimama kituoni kwake. Fundi akakilaza kipande kwenye njia katikati ya viti, uso juu, akainuka kumpisha. "Pita tu, bibi. Ni sakafu."

Verna akashika viti viwili, akainua goti lake bovu, akamruka yule askari.