Njiwa wa Paa la Atiyya

Sogeeni karibu, wanangu, wewe Shihata na wewe Ramzi, na anayepika chai aache kwanza, maana sauti niliyobaki nayo si ya kupaza. Nimewasikia mkinong'ona hapo mlangoni: mmekwisha kukodi gari la kunipeleka Minya nikazikwe kwa wazazi wangu, na wewe Shihata umekwisha kumwita fundi avunje banda la njiwa huko juu ya paa ili ujenge chumba cha bibi harusi. Sikasiriki. Jenga, mwanangu, umri unakwenda. Lakini njiwa wa baba yenu wapelekeni kwa Bayumi, mfuga njiwa mwenzake.

Usinikunjie uso, Ramzi! Najua Bayumi alimnasa yule jike mwekundu wa baba yako akakataa kumrudisha, na marehemu akaenda kaburini hajamwamkia. Lakini ndege alitua kwake mwenyewe, na sheria ya mapaa mnaijua: aliyetua kwangu ni wangu. Kinyongo hicho naondoka nacho mimi. Mtaa huu wote wa Imbaba hakuna mkono mwingine unaojua kumshika njiwa kama ule.

Mwambieni awafunge mbawa kwa uzi, asiwaachie mapema. Njiwa mzima ukimhamisha leo ukamwachia leo, atarudi huku azunguke juu ya chumba chenu akitafuta banda ambalo halipo, mpaka achoke aanguke. Awaache watage, waatamie, wasikie vifaranga vikililia chakula, ndipo akate uzi. Hapo hawaendi popote.

Haya nayajua kwa mwili wangu. Nililetwa hapa mwari, sijui hata njia ya sokoni, nikawa nashinda juu ya paa natazama kusini, kwetu Minya, nalia, na baba yenu pembeni anapeperusha bendera yake, anapiga mluzi, kundi zima linageuka angani kwa pamoja. Siku moja nikamwuliza, "We bwana, hawa mbona hawatoroki?" Akacheka. "Wana watoto, bibie. Ngoja na wewe." Nilimnunia mpaka usiku! Kisha ukaja wewe Shihata, akaja na huyu, na sijui ni lini niliacha kutazama kusini. Nilimpenda yule mtu, jamani, na kinyesi cha njiwa begani, na mtama mifukoni ukinimwagikia kila nikifua kanzu yake. Natamani nimsikie akipiga mluzi mara moja tu.

Nipe maji, Ramzi... kidogo tu, inatosha.

Miaka yote nimekuwa nikiwaambia, nikifa nirudisheni kwetu. Nilisema kwa mazoea. Gari mlirudishe. Nizikeni hapa, karibu na baba yenu, Atiyya wangu. Mungu awape kizazi chema, awape... nyumba zenye kelele. Msigombane. Shihata, usivunje banda mpaka... mpaka njiwa wa mwisho ashuke.

Fungueni dirisha, niwasikie njiwa.

Uzi wangu ulikatwa zamani, wanangu. Siendi popote.