Jaketi la Kiilu Ndani ya Pipa

Kijiwe chenyewe kilikuwa taruma moja la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, pale Sultan Hamud, mbele ya kibanda cha Nzomo cha kuziba pancha. Ukikaa hapo unaiona barabara ya Mombasa yote, malori yakishuka na kupanda. Kahawa ilitoka kwa Ahmednur, mwenye duka la jirani, ambaye watu wake ni wa Garissa lakini alikuwa amekaa hapa mpaka akawa anagombana kwa Kikamba. Mbuvi aliitwa Diwani, kwa sababu aligombea udiwani mara mbili akashindwa mara mbili. Ndolo aliitwa Injinia, ingawa reli ilimstaafisha akiwa mshika bendera. Nzomo mwenyewe aliitwa Hewa, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatiziwa, maana mji mzima ulijua kwamba hewa ikitoka mahali isipotakiwa kutoka, ni Nzomo wa kuitafuta. Lakini asubuhi ya Jumamosi hiyo, mwezi wa nane mwaka wa tisini na tatu, hakuna aliyemwita Hewa. Wote walikuwa wamemzunguka Kiilu.

Kiilu alikuwa ameshuka jana yake kutoka Diani. Zamani yeye na Nzomo waliziba pancha pamoja katika kibanda hicho hicho, mmoja akishika tairi, mwingine akipiga pampu. Kisha siku moja dereva wa lori la Ahmednur akaleta habari kwamba hoteli moja ya pwani inatafuta mtu anayeelewa kompresa, wa kujaza mitungi ya hewa ya wazungu wanaozamia baharini. Habari ilimfikia Nzomo kwanza. Nzomo akacheka, akasema mtu aliyekulia mahali mto unapita wiki mbili kwa mwaka hana shughuli na bahari, akamwambia Kiilu aende yeye. Kiilu akaenda. Akaanza kwa kujaza mitungi, akajifunza kuogelea, akajifunza kuzamia, mwisho akawa yeye ndiye anayewashusha wazungu chini na kuwapandisha. Sasa ameitwa kazi Shelisheli, na Jumatatu anapanda ndege Nairobi.

Nzomo alikuwa na wivu, tusifichane. Aliionea wivu saa ya Kiilu isiyoingia maji. Aliionea wivu pasipoti iliyochungulia kwenye mfuko wa shati. Alimwonea wivu hata kwa namna Ahmednur alivyommiminia kahawa mpaka ukingoni, wakati kikombe chake yeye kiliishia katikati kama kawaida.

Kiilu alikuwa ameleta majaketi mawili ya kuzamia na alitaka kuchagua moja. Aliyatandika yote mawili juu ya gunia. Moja lilikuwa kubwa, nene, lenye ubao mgumu mgongoni. La pili lilikuwa jembamba, halina ubao, na lilikunjika mpaka likaingia kwenye mfuko wa unga. Akaeleza kazi yake polepole. Mgongoni unafunga mtungi. Ukiwa chini unatia hewa kidogo kwenye jaketi usizame kama jiwe, ukitaka kushuka unaitoa, na ukifika juu unalijaza likushikilie mpaka mashua ije kukuchukua.

— Na mashua isipokuja? Injinia akauliza.

— Unangoja. Ndiyo maana linatakiwa likae na hewa.

Shida ilikuwa ndege. Kule Shelisheli ukitoka kisiwa kimoja kwenda kingine unapanda ndege ndogo, na mizigo ni kilo kumi na tano tu. Mapezi, miwani na mdomo wa kupumulia tayari vilikuwa vinakula tisa, na nguo kilo tatu. Ahmednur akatoa mizani yake ya sukari. Jaketi kubwa likawa kilo nne na robo. Lile jembamba likawa mbili na nusu.

— Mimi nasema beba hii kubwa, Diwani akaanza. Mtu wa maana habebi kitu nyepesi. Ukitua Shelisheli na jaketi imekunjwa kama shuka, watafikiri wewe ni mkimbizi.

— Si hiyo tu, Injinia akadakia. Mimi nimefanya kazi ya reli miaka ishirini na nane. Behewa tupu ndiyo inaanguka kwanza. Hiyo nyepesi bahari ikiishika, wewe utatokea Bombei.

Kiilu akacheka. Akawaambia uzito wa jaketi siyo unaokushikilia, ni ile nafasi ya hewa ndani yake, na hili jembamba lina nafasi ya kumtosha, maana kule maji ni ya moto na yeye havai nguo nzito za mpira zinazohitaji vipande vingi vya risasi kiunoni ili zizame. Ubaya wake ni mmoja. Kwa kuwa halina ubao, mtungi unayumba mgongoni usipofungwa vizuri.

Akataka kuwaonyesha. Mtungi hakuwa nao, basi Nzomo akaambiwa alete kile kizimamoto cha basi lililopinduka, ambacho alikuwa amekitundika kibandani kama pambo. Nzomo akakileta. Injinia akajitolea kukifunga kwenye lile jaketi jembamba, akaukaza mkanda mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akasema huo hata gari moshi haliung'oi. Kiilu akalichovya jaketi lote ndani ya pipa la maji la Nzomo, akalinyanyua kwa mabega. Kizimamoto kikateleza taratibu, kikamwangukia Injinia kwenye kidole cha mguu.

— Huu mkanda ukiloa unalegea, Kiilu akasema. Loweka kwanza, halafu ukaze. Na ukimaliza unyanyue, utikise.

Nzomo alijua hilo. Alikuwa amefunga mizigo kwa mikanda ya namna hiyo maisha yake yote, na alikuwa amefungua mdomo kulisema. Kiilu akamtangulia kwa sekunde moja, na wote wakatikisa vichwa, wakisema kweli huyu amesoma.

Diwani hakutaka mazungumzo yaishie kwenye mkanda. Akaleta jambo la hewa yenyewe. Hewa ya Sultan Hamud, alisema, ni hewa ya juu, ni nyepesi, na mtu akiitia hapa akashuka nayo mpaka chini ya bahari itakataa kufanya kazi, kama vile ng'ombe wa Matinyani anavyokataa nyasi za Voi. Ahmednur akasema basi Kiilu apitie Mombasa akajaze hewa ya huko. Injinia, akiwa bado ameshika kidole, akasema hewa ya Mombasa ni ya Kenya, na forodha ya Shelisheli haiwezi kuiruhusu iingie bila karatasi.

— Kwa hivyo hewa iko na pasipoti? Ahmednur akauliza.

— Kila kitu iko na pasipoti siku hizi.

Hapo ndipo Kiilu alipogeuka. Alisema yeye moyo wake uko kwenye lile jembamba, ila kabla hajakata shauri kuna mtu mmoja anataka alipime.

— Hewa, nipimie hii, akasema.

Nzomo hakumuuliza lina nini, na Kiilu hakumwambia. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya kibanda. Mteja akija na tairi akaanza kuonyesha kwa kidole kwamba nafikiri shimo liko hapa, Nzomo alimrudishia tairi lake na kumwambia ajizibie mwenyewe. Shimo lilikuwa la fundi kulitafuta.

Alishika kompresa, Kiilu akamzuia, akasema itapasua mshono, ni la kupulizwa kwa mdomo. Nzomo akalipuliza mpaka likajaa na vali ya begani ikaanza kutema hewa iliyozidi, akalizamisha kwenye pipa lake, lile lililokatwa kwa urefu, ambalo ndani yake alipimia mipira ya malori. Akaanza na mabega. Akafuata bomba. Akaligeuza. Na kule chini mgongoni, kwenye vali ndogo ya kutolea hewa, akaona mapovu. Matatu madogo. Kisha mengine matatu.

Diwani alikuwa amemshika Kiilu mkono akimuuliza kama Shelisheli kuna madiwani. Hakuna aliyekuwa akitazama pipa, na mgongo wa Nzomo ulikuwa umeziba.

Hakumtakia mwenzake kifo, hilo liaminiwe. Alichokiona moyoni ni kitu kidogo tu. Alimwona Kiilu mbele ya wazungu, jaketi linanywea, wazungu wanatazamana, na mwenye kazi anamwambia asante, rudi kwenu. Alimwona amekaa tena hapa kwenye taruma na grisi mikononi, watu wakimwita Kiilu tu. Picha hiyo ilikuwa tamu. Akalitoa jaketi majini.

— Iko sawa, akasema.

Kiilu akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akashukuru. Akasema basi neno limekwisha, anabeba jembamba, na lile kubwa litarudi Diani kwa lori la Ahmednur. Akalitoa hewa, akaanza kulikunja. Nzomo akanywa kahawa yake, na haikuwa na ladha. Alijaribu kuirudia ile picha tamu, lakini sasa haikuwa na wazungu. Ilikuwa maji tu, na kichwa cha Kiilu juu ya maji, na hakuna mashua.

Muthoki, mke wa Kiilu, akatokea upande wa soko na kikapu. Akawasalimia wote kwa mpangilio, mkubwa kwanza, kisha akamgeukia Nzomo.

— Baba Mwende, amekuletea hiyo kitu?

— Ameleta.

— Heri. Maana huyu amenisumbua. Kule Diani anaijaza jioni, asubuhi inaamka laini. Siku tatu. Mafundi wa hoteli wakatafuta wakasema hakuna kitu. Mimi nikamwambia beba ile kubwa tuwache mambo mingi. Akasema hapana, nitapitia nyumbani, Nzomo ataona. Na Nzomo akisema iko sawa, basi nitajua ni macho yangu.

Nzomo akahisi masikio yanawaka moto.

— Hukuniambia inalegea, akamwambia Kiilu.

— Si ni wewe ulinifundisha? Mteja haonyeshi shimo.

Alikuwa ametoka Diani na kitu hicho, akiwapita mafundi wote wa pwani, akakileta kwenye nusu ya pipa kando ya barabara. Nzomo aliuweka ukweli huo kando kwanza, kwa sababu angeutazama angelia mbele ya Diwani.

— Lete, akasema.

Akalipuliza tena mpaka likajaa. Safari hii hakuanza na mabega. Alizamisha moja kwa moja ile sehemu ya chini mgongoni, akasogea pembeni ili kila mtu aone. Mapovu yakapanda, matatu, kisha matatu. Injinia akapiga mluzi. Nzomo akaifungua vali kwa vidole, akatoa mpira wake mwembamba, na chini ya mpira palikuwa na chembe moja ya mchanga wa bahari, ndogo kuliko punje ya wimbi. Akaomba maji safi kwa Ahmednur, akausuuza mpira, akasuuza na pale unapokalia, akafuta kwa pindo la shati, akarudisha. Akamwambia Kiilu kila akitoka baharini aisuuze vali hiyo kwa maji ya kunywa, ndani na nje, asiridhike na kulimwagia jaketi juu juu. Kiilu akasikiliza kama zamani, kichwa kimeinama. Wakalizamisha tena. Nzomo akahesabu mpaka mia mbili kwa sauti. Hakuna povu hata moja.

Diwani akasema yeye tangu mwanzo, hata Nzomo aliposema iko sawa, alishuku upande wa chini. Ahmednur akammiminia Nzomo kahawa, na safari hii ilifika ukingoni. Muthoki alikuwa bado amesimama na kikapu chake, akilitazama pipa. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kuelewa tu.

— Na mara ya kwanza, mbona hakuyaona?

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Diwani, ambaye hakuwahi kukosa jibu hata siku aliposhindwa uchaguzi, alikinywa kikombe kisichokuwa na kitu. Injinia akatazama upande wa reli kana kwamba kuna gari moshi, na halikuwepo. Ahmednur akasema anaitwa dukani. Nzomo alikuwa ameshika jaketi kwa mikono miwili chini ya maji, na hakuweza kuliachilia wala kulitoa.

— Maji yalikuwa na matope, Kiilu akasema. Amebadilisha sasa hivi.

Maji hayakuwa yamebadilishwa. Yalikuwa yale yale ya asubuhi, safi, na chini ya pipa nati moja ya baiskeli ilionekana mpaka meno yake. Kila mtu kijiweni aliiona, Muthoki pia. Akasema haya, akapandisha kikapu chake, akamwambia mumewe chakula kitakuwa tayari saa saba.

Nzomo aliinamisha kichwa juu ya pipa. Kiilu alikuwa amejua bahari, amepata pasipoti, na sasa amemsitiri mtu mbele ya watu bila hata kusita, wema ambao Nzomo alikuwa na asubuhi nzima ya kuufanya na hakuufanya. Hata hilo alimwonea wivu, na ulikuwa mkali kuliko ule wa saa na ule wa pasipoti. Kiilu akachuchumaa upande wa pili wa pipa, akashika mabega ya jaketi, akasema wahesabu mia nyingine.