Kaka Yetu Fundi Lifti, na Ugonjwa Aliokataa Tuufiche

Ndugu, jamaa na majirani, kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Lifti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, kifungua mimba wa baba mwashi na mama mshonaji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1988. Akiwa darasa la tatu aliota uvimbe kwenye msuli wa paja. Ilikuwa saratani. Alipasuliwa, akatibiwa mwaka mzima, akapona. Nyumbani tulisema ni teke la mpira, tukaamini. Alirudi darasani akichechemea, na mwaka 2002 akapata cheti cha ufundi umeme.

Kwa miaka ishirini alitengeneza lifti za majengo ya ofisi. Watu wakikwama, kabla ya kushika bisibisi aliwapigia soga kupitia mlangoni. Bosi mmoja alimfokea, "Fungua kwanza, porojo baadaye!" Kaka akamjibu, "Mzee, haidondoki hiyo. Hebu niambie, una watoto wangapi?" Bosi alitoka akicheka, shati limelowa jasho.

Tarehe 9 Agosti 2008 alimwoa mwalimu wa chekechea. Walijaliwa binti, kisha mwana. Mwaka 2020 binti alianza kulalamikia goti. Ilikuwa saratani ya mfupa, na mguu ukakatwa. Maneno yakaanza, tena humu humu kwetu, kwamba wifi yangu kaleta mkosi. Aliyameza yote, na hakuwa na pa kukimbilia.

Daktari ndiye aliyeuliza kovu la pajani kwa kaka lilitoka wapi. Kaka na binti yake wakapimwa damu, wakakutwa na kasoro ileile kwenye jeni moja, ile inayozuia seli za mwili zisizaliane ovyo. Mtoto aliirithi. Daktari akasema sisi ndugu wa damu huenda tunayo pia. Siku hiyo kaka alisimama sebuleni akasema, "Mama, mke wangu hana mkosi. Imetoka kwangu." Kisha akalia, na sisi tukatazama sakafu.

Oktoba mwaka jana saratani nyingine ilimpata mapafuni. Alifariki hospitalini tarehe 3 Juni, mkewe kamshika mkono. Wazee waliniomba niseme tu "aliugua kwa muda mfupi", maana tuna mabinti wa kuozwa. Nawaheshimu. Lakini kaka aliniagiza, "Wewe soma yote. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Ameacha mama, mke, binti, na mwana wa miaka minane ambaye hajapimwa. Ameacha mdogo wetu wa mwisho, ambaye hataki kusikia habari hizi, na mimi dada yake, mwenye watoto watatu. Tangu daktari aseme, hakuna aliyekwenda kupimwa. Usiku nawapapasa wanangu miguu wakiwa wamelala. Nikijua nitaogopa, nisipojua naogopa. Jumatatu asubuhi nawapeleka, na atakayependa tufuatane.

Pumzika kwa amani, kaka. Sisi bado.