Mama Manila na Kuta za Darasa la Tatu

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Manila, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi baiskeli. Mama yake alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na marehemu alikulia chini ya meza ya cherehani, akichezea vipande vya vitambaa.

Alianza shule ya msingi Januari 1963. Wengi hamtaamini, lakini hesabu zilimtesa, hata akarudia darasa la nne. Mwalimu alipoandika robo tatu ubaoni, yeye aliona namba mbili zimebebana mgongoni, basi. Siku moja alirudi nyumbani analia. Bibi yetu akavuta kitambaa, akakikunja mara mbili, akakifungua.

"Mikunjo imekigawa vipande vingapi?"

"Vinne."

"Haya, funika kimoja. Vinavyobaki ndiyo hiyo robo tatu inayokuliza."

Marehemu alicheka na machozi hayajakauka. Tangu hapo aliamini kwamba mtoto anatakiwa kuiona hesabu kabla ya kuiandika. Alimaliza sekondari mwaka 1974, akasomea ualimu hadi mwisho wa 1976.

Januari 1977 aliripoti katika shule iliyo nyuma ya soko, akapewa darasa la tatu. Kuta zilikuwa tupu, zimeota ukungu kwenye pembe. Aliomba maboksi madukani, akanunua karatasi za manila, akapika gundi ya unga jikoni kwake. Chati yake ya kwanza waliijaza wanafunzi wenyewe: kila mmoja alibandika kifuniko cha soda kuonyesha kama huja shuleni kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi. "Chati isiyoguswa na mtoto ni pambo," alikuwa akisema, "na mimi sipambi ukumbi."

Kila Jumatatu aliweka kosa moja ukutani kwa makusudi, watoto walitafute. Mzazi mmoja, muuza nyama, alipita dirishani akaliona, akaingia kwa upole. "Samahani mwalimu, saba mara nane si hamsini na nne." Darasa zima likapiga kelele, "Ametuwahi!" Basi yule mzee akawa anapita kila Jumatatu, aproni ikiwa bado kiunoni.

Mwaka 1984 alikuja mwalimu mkuu mpya aliyependa kuta safi. Wakati wa likizo alimwita fundi rangi, akamwagiza abandue kila kitu. Marehemu alimwambia dada yake mkubwa kwamba kuta hizo zikifutwa, ataacha ualimu. Kisha akaenda shuleni mbio, akasimama mbele ya ukuta.

"Dada, nipishe, niko kazini," fundi alisema.

"Na mimi kazi yangu ndiyo hiyo unayotaka kuibandua. Hebu niambie, rangi yako unaichanganyaje?"

"Kopo tatu za rangi, moja ya mafuta."

"Kumbe unakula kwa sehemu, halafu unakuja kuzifukuza darasani!"

Fundi alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. Alipoinuka, alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu. "Mkuu, niruhusu nizichore chati hizo ukutani kwa rangi ya mafuta. Ukuta utakuwa msafi, na hakuna kitakachochanika." Mwalimu mkuu alisitasita, akakubali ukuta mmoja tu. Muhula haujaisha, walimu wa madarasa mengine walikuwa wanapigania zamu ya fundi.

Marehemu na fundi huyo walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985. Baba husema alikwenda kubandua, akabandikwa. Walijaliwa watoto watatu, nami ninayewasomea wasifu huu ndiye kifungua mimba wao.

Alistaafu mwaka 2016. Mwaka 2021 kisukari kilianza kumsumbua figo, kisha mikono ikawa inatetemeka. Mei 2024 alilazwa. Siku ya pili tu alimwambia muuguzi, "Mwanangu, ukuta huu mmeuonea." Aliposikia kwamba wodi ya jirani ni ya watoto, hakutulia tena. Alielekeza akiwa kitandani, baba akakata boksi, wakatengeneza saa kubwa yenye mishale inayozungushwa kwa kidole. "Mume wangu, saa sita yako imelewa," alimwambia, naye baba akairudia bila kulalamika. Tuliwasikia watoto kupitia ukutani wakibishana ni saa ngapi, na mama akitabasamu macho yamefumbwa.

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 18 Juni 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, wanafunzi wengi ambao leo ni watu wazima wenye mvi, na dada yake mkubwa, anayemlilia kwa jina la utotoni ambalo sisi watoto tumelisikia wiki hii kwa mara ya kwanza.

Mungu ampokee, naye apate pumziko lenye amani.